Hofu ya Kiti cha Daktari wa Meno

Katika maradhi yote yampatayo binadamu, hapana yanayochekwa na watu kama maumivu ya jino. Mtu akishikwa na homa, majirani humpelekea uji. Akivunjika mguu, vijana humbeba machelani mpaka barabarani. Lakini aonekanapo mtu ameshika shavu lililofura, amejifunga kitambaa toka kidevuni hadi utosini, watoto humcheka, na watu wazima humwambia, "Si ukang'oe tu?" Kusema hivyo ni rahisi. Wengi wa wasemao maneno hayo nao wana jino lao bovu walilolificha, na kila watafunapo huhamishia chakula upande wa pili.

Tangu Nyeri mpaka Karatina, na kuuzunguka mlima hadi Kerugoya, Embu, Meru na Nanyuki, hali ni moja. Asubuhi za Juni na Julai, ukungu ushukapo na baridi ya Mlima Kenya ikaingia mpaka mifupani, mwenye jino lililotoboka hujulikana kwa namna avutavyo pumzi. Hafungui kinywa chote, maana hewa ile ikiligusa jino ni kama sindano. Akipewa chai ya moto hushtuka. Akinywa maji ya mtoni hushtuka vilevile. Hata hivyo ukimwuliza kwa nini haendi hospitali, utapata sababu nyingi: kahawa imeiva na wachumaji ni wachache, karo haijalipwa, ofisini kuna hesabu za mwisho wa mwezi, nauli imepanda.

Baadhi ya sababu hizo ni za kweli. Fedha ni haba, safari ni ndefu kwa wengi, na madaktari wa meno katika Kenya hawatoshi. Lakini iko sababu moja isiyotajwa, ambayo mara nyingi ndiyo mama wa hizo nyingine, nayo ni hofu. Mtu anaogopa kile kiti, anaogopa sindano, koleo na mlio wa keekee. Tena anaogopa zaidi kuonekana kwamba anaogopa. Hofu hii ya pili ndiyo yenye hasara kubwa. Ile ya kwanza ina dawa, lakini hii ya pili humzuia mtu asiiombe dawa hiyo.

SAFARI YA JINO BOVU

Yafaa kwanza kujua jinsi jino linavyooza, kwa maana katika safari hiyo ndimo ionekanapo hasara ya kukawia. Katika kinywa cha kila mtu mna vijidudu vidogo visivyoonekana kwa macho. Mtu alapo sukari, au anywapo chai iliyokolezwa sukari mara nyingi kwa siku, vijidudu hivyo hula sukari ile na kutoa asidi. Asidi hiyo hula ganda la juu la jino, ambalo ni kitu kigumu kuliko vyote mwilini. Ganda hilo halina mishipa ya fahamu; kwa hiyo jino huanza kuharibika kimya kimya, na mwenyewe hana habari.

Tundu likishapita ganda na kufika sehemu ya ndani, ndipo mtu huanza kushtushwa na baridi na utamu. Maumivu hayo huja na kupita upesi. Wakati huo jino bado laweza kusafishwa na kuzibwa, nalo likaishi miaka mingi. Usipoziba ufa utajenga ukuta: hapana mahali ambapo methali hii husema kweli tupu kama kinywani.

Akikawia, uharibifu hufika katika kiini cha jino, penye damu na mishipa ya fahamu. Kiini hicho kimefungiwa katika chumba kidogo chenye kuta ngumu. Mahali pengine mwilini panapofura, nyama hupata nafasi ya kutanuka. Humu hapana nafasi. Ndiyo sababu maumivu yake ni makali mno, tena huzidi usiku mtu alalapo na damu kupanda kichwani. Kisha baada ya siku au majuma kadhaa, maumivu hukoma ghafula. Mtu hufurahi, akasema, "Limepona lenyewe." Halikupona, limekufa. Usaha hukusanyika chini ya mizizi yake, na siku moja shavu hufura. Uvimbe huo ukiteremka chini ya taya na kubana koo, mtu asiweze kumeza wala kupumua vizuri, si jambo la kungoja kesho, kwa kuwa laweza kuua.

MKULIMA NA GEGO LAKE

Alikuwako mkulima mmoja wa kahawa katika vilima vya upande wa Karatina, mtu wa makamo, mzee wa kanisa, ambaye neno lake lilisikilizwa katika mikutano ya chama cha ushirika. Alipokuwa mtoto wa shule aling'olewa jino na mtu aliyekuwa na haraka, kabla ganzi haijashika, na watu wawili wazima walimshika mikono. Jambo lile lilipita, lakini halikumtoka moyoni. Miaka zaidi ya 40 baadaye, alipoanza kuumwa na gego la chini upande wa kulia, harufu ya dawa za hospitali peke yake, hata akienda kumtazama mgonjwa mwingine, ilitosha kumtoa jasho.

Hakumwambia mtu. Mkewe alipoona kwamba ameacha nyama na mahindi ya kuchoma, alimjibu kuwa anapumzisha tumbo. Usiku alitoka nje akisingizia kutazama ng'ombe, kumbe anatembea uani gizani, kiganja shavuni. Alitia karafuu katika tundu la jino, akapata nafuu kidogo; kisha akatia ugoro; kisha mafuta ya taa, yakamchoma ufizi. Mara tatu alipanda gari kwenda Nyeri kutibiwa, na mara tatu aliishia dukani, akarudi nyumbani na sukari na sabuni. Mara ya tatu alikuwa amekwisha kufika mpaka kwenye benchi la kungojea. Akasikia mlio wa keekee nyuma ya mlango, akamwambia muuguzi kwamba amekumbuka jambo la haraka, akaenda zake.

Mwezi wa nane uso ulifura hata jicho moja likafumba nusu. Mwanawe mkubwa akaleta gari mlangoni alfajiri, akamwambia kwa heshima, "Baba, leo hatuendi kununua sukari." Ndipo mzee alipojua kwamba nyumba nzima ilikuwa na habari.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, umri wa binti yake wa mwisho. Mzee aliketi wima kitini kama askari katika gwaride. Alipoulizwa kama ana wasiwasi, alijibu, "Mimi ni mtu mzima, daktari. Wewe fanya kazi yako." Lakini daktari aliitazama mikono yake, akaona jinsi ilivyokamata kiti hata mishipa ikasimama. Akaweka vyombo chini, akavuta kigoda akaketi mbele yake.

"Mzee," akasema, "leo sitaling'oa. Kwa uvimbe huu ganzi haitashika vema. Leo nitafungua njia usaha utoke, nikupe dawa, nawe urudi baada ya siku tano. Lakini nataka uniambie jambo moja. Ulipong'olewa jino zamani, ilikuwaje?"

Mzee akanyamaza kitambo, kisha akasimulia habari ambayo hakuwahi kumsimulia hata mkewe. Daktari hakucheka. Alimwambia kwamba siku ya kurudi hapana mtu atakayemshika. Tena akitaka kazi isimame, kwa sababu yoyote au bila sababu, ainue mkono wa kushoto, nayo itasimama papo hapo.

Siku ya tano mzee alirudi na rafiki wa rika lake, akaketi, na kabla hajaulizwa akasema, "Daktari, naogopa." Aliinua mkono mara mbili. Mara ya kwanza hakusikia maumivu yoyote. Alitaka tu kuona kama ahadi ni ya kweli, na kazi ikasimama. Mara ya pili alisikia uchungu kidogo, akaongezewa ganzi, wakangoja. Baada ya dakika chache jino lilikuwa sahanini. Alilitazama sana, kisha akamwambia rafiki yake, "Deni la nusu saa nimelilipa kwa miezi minane."

Furaha ile haikuwa kamili. Gego lile lau lingaliletwa mapema, huenda lingalizibwa, naye angalitafunia mpaka leo. Jino la pembe si dawa ya pengo.

KWA NINI HOFU HUONGEZA MAUMIVU

Wako wadhanio kwamba maumivu yote yamo katika jino, na hofu ni upuuzi wa moyo ulio mbali nayo. Sivyo. Jino hupeleka habari tu. Ubongo ndio uipimao habari ile na kuamua uzito wake. Askari aweza kujeruhiwa katikati ya vita asitambue mpaka mapigano yatulie, kwa kuwa mawazo yake yako kwingine. Mwenye kuogopa hupatwa na kinyume chake. Mwili wake humwaga adrenalini katika damu, moyo hupiga mbio, misuli hukazana, na mawazo yote hukusanyika mahali pamoja padogo kinywani. Kitu kidogo kikipagusa, huonekana kikubwa.

Tena hali ya kiti chenyewe huzidisha. Mtu amelala chali, kinywa wazi, hawezi kusema, haoni kinachofanywa, na hajui kitakwisha lini. Hata mtu aliyezoea kuamuru wengine huko ofisini kwake hujiona amekuwa kama mtoto. Kwa hiyo kitu kinachotuliza si ahadi tupu ya "haitauma", bali ni kujua kinachofuata na kuwa na uwezo wa kukisimamisha.

Waganga wenyewe hawaihesabu hofu hii kuwa aibu. Mwaka 1969 mtaalamu mmoja wa Marekani, Norman Corah, alitunga maswali manne mafupi ya kupimia wasiwasi wa mgonjwa wa meno, kama vile mtu mwenye homa anavyopimwa joto. Kwa maana hiyo hofu ni sehemu ya habari za mgonjwa, na daktari anapaswa kuijua kama apaswavyo kujua kwamba mtu ana kisukari.

Tena hofu ina ujanja wake: hujitengenezea ushahidi. Mtu akiogopa hukawia. Akikawia, nyama za pembeni mwa jino hufura na kuwa na asidi, na katika nyama ya namna hiyo dawa ya ganzi hupungua nguvu. Akienda siku ya mwisho kabisa, huumia kweli. Basi hurudi kijijini na kusema, "Niliwaambia! Mimi ganzi hainishiki." Waliomsikia nao huogopa, nao hukawia, na hivyo neno huenea toka kilima hadi kilima. Kumbe waendao mapema, ambao kwao sindano ilitosha, hawana la kusimulia, wala hapana mtu awaulizaye.

GANZI ILIVYOPATIKANA

Wanaoogopa wana haki ya kujua jambo moja la kale. Watu wa zamani waliogopa kwa sababu nzuri kabisa, kwa kuwa dawa ya ganzi haikuwako. Na waliofungua njia ya kuwapumzisha wagonjwa wote wa kupasuliwa walikuwa ni waganga wa meno.

Mwezi wa Desemba 1844, huko Hartford katika Marekani, mganga wa meno Horace Wells alivuta gesi iitwayo gesi ya kuchekesha, akamwambia mwenziwe amng'oe gego. Aling'olewa asisikie uchungu. Mwaka uliofuata alijaribu kuonyesha ugunduzi wake mbele ya watu mjini Boston, lakini mgonjwa alilia, nao wakamzomea Wells. Baadaye mwenziwe wa zamani, William Morton, naye mganga wa meno, alitumia dawa iitwayo etha. Tarehe 16 Oktoba 1846 alimlaza nayo mgonjwa katika hospitali kuu ya Boston, daktari akampasua uvimbe shingoni mbele ya mashahidi. Tangu siku hiyo kazi ya upasuaji ilibadilika duniani.

Dawa hizo zilimlaza mtu mzima wake. Haja ilikuwa kupata dawa ya kulaza mahali pamoja tu. Mwaka 1884 daktari Carl Koller wa Vienna alionyesha kwamba kokeini hutia ganzi jicho, na upesi wengine wakaitumia kwa meno; lakini dawa hiyo ni ya hatari, na wengi waliozoea kuitumia wakawa watumwa wake. Mnamo mwaka 1905 Mjerumani Alfred Einhorn alitoa prokaini, iliyo salama zaidi. Kisha mwaka 1943 Nils Löfgren wa Sweden akatengeneza lignokaini, ambayo ilianza kuuzwa mwaka 1948 na hutumika mpaka leo katika vyumba vya meno vya nchi nyingi, Kenya ikiwamo.

Katika nchi ya Mlima Kenya matibabu ya kizungu yalianzia zaidi katika hospitali za misheni: Wakatoliki wa Consolata huko Mathari, Waskoti huko Tumutumu, na huko Chogoria alikofika Daktari Irvine mwaka 1922. Siku zile daktari mmoja alifanya kazi nyingi, na kama palikuwa na jino la kung'oa, naye alikuwapo, aling'oa yeye. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kufundisha madaktari wa meno katika mwaka 1974. Kabla ya hapo Mkenya aliyetaka kazi hiyo alilazimika kusoma ng'ambo. Basi si ajabu kwamba wazee wengi wana kumbukumbu chungu. Kosa ni kuwarithisha wajukuu kumbukumbu hizo kana kwamba ndizo habari za leo.

USHUJAA WA WAZEE

Atasimama mtu na kusema kwamba watu wa milima hii walilelewa kuvumilia. Kijana wa Kikuyu alipotahiriwa hakutakiwa kukunja uso, na aliyelia alitia aibu nyumba yake. Iwapo babu alivumilia kisu, mjukuu atasemaje kwamba anaogopa sindano?

Hoja hiyo ina nguvu, lakini yafaa itazamwe vizuri. Wazee hawakumpeleka kijana peke yake. Kila mmoja alikuwa na msimamizi wake, aitwaye mũtiiri kwa Kikuyu, aliyesimama nyuma yake, akamshika, akamwelekeza, na kumtunza mpaka kidonda kipone. Tena alfajiri ile vijana walipelekwa kuoga mtoni katika maji ya baridi yatokayo mlimani, na baridi ile ilisaidia kufisha ngozi. Pia walikuwa wamefundishwa kabla ya siku ile. Basi wazee, pamoja na kuusifu sana ushujaa, walijua kwamba mtu huhitaji mwenzake, huhitaji kuambiwa yatakayokuja, na huhitaji ganzi kwa kadiri ipatikanavyo. Mambo hayohayo matatu ndiyo yanayotakiwa katika chumba cha meno.

Tena siku hizi vijana wengi wa milima hiyohiyo hutahiriwa hospitalini kwa sindano ya ganzi, wala hapana awaitaye waoga. Kama ganzi haimpunguzii kijana utu uzima siku hiyo kubwa, haiwezi kumpunguzia mzee heshima kwa ajili ya gego.

YAMPASAYO MGONJWA

Mwenye hofu na afuate mashauri haya machache.

Kwanza, aende mapema, jino lishtukapo kwa baridi, asingoje likeshe naye. Na akiweza achague saa za asubuhi, kwa kuwa kungoja mchana kutwa ni kuilisha hofu. Ale chakula kabla ya kwenda, isipokuwa ameagizwa vingine, kwa sababu mwenye njaa na hofu huzimia upesi. Na awe na mtu wa kumsindikiza.

Pili, aseme. Maneno mawili yatosha: "Daktari, naogopa." Aseme pia kama ana kisukari, shinikizo la damu au maradhi ya moyo, kama anatumia dawa za kuzuia damu isigande, au kama ni mja mzito. Wapatane juu ya ishara ya mkono. Aombe aambiwe kila hatua kabla ya kufanywa. Na kama kutazama vyombo kunamtia hofu, afumbe macho.

Tatu, ajue sindano yenyewe ilivyo. Ikiingizwa polepole huuma kidogo kuliko ikiingizwa kwa haraka, naye aweza kuomba hivyo. Mara nyingine moyo utapiga kwa nguvu kwa dakika moja au mbili, kwa kuwa dawa huchanganywa na adrenalini kidogo. Asidhani kwamba anakufa. Kisha asiwe na haraka, bali aingoje dawa ishike. Ganzi huondoa uchungu, lakini haiondoi kusukumwa wala mlio. Mtu atasikia jino likitikiswa na pengine kulia kama ukuni, na wengi huita hayo maumivu kwa sababu hawakuambiwa. Likiuma kweli, ainue mkono aongezewe dawa.

Nne, apumue kwa utaratibu: avute pumzi kwa puani akihesabu mpaka nne, aitoe polepole akihesabu mpaka sita. Mwili hauwezi kutulia na kukimbia kwa wakati mmoja, na pumzi ndefu huuambia utulie. Alegeze mabega na vidole. Wengine husikiliza nyimbo au mahubiri katika simu zao, nalo ni jambo jema.

Tano, akiisha kung'olewa, auma kitambaa alichopewa kwa muda wa nusu saa. Siku ile asisukutue kwa nguvu, asiteme mate ovyo, asivute sigara wala kunywa pombe, maana damu iliyoganda katika tundu ndiyo kifuniko cha kidonda. Kesho yake aanze kusukutua polepole kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi. Midomo itakuwa na ganzi kwa saa mbili tatu; asitafune kitu asije akajiuma. Ikiwa baada ya siku mbili au tatu maumivu yanazidi badala ya kupungua, arudi kwa daktari.

Na yako mambo ya kuepuka kabisa. Kidonge cha aspirini hakiwekwi juu ya ufizi, kwa kuwa huunguza nyama. Humezwa na wale wanaoruhusiwa. Mafuta ya taa na maji ya betri si dawa. Karafuu hutuliza kweli, na hata madaktari wa meno hutumia dawa itokanayo nayo, lakini haiponyi jino. Hufunika tu kilio chake. Na mtu ang'oaye meno sokoni bila ganzi na bila kuchemsha vyombo humwacha mgonjwa na maradhi mabaya kuliko yale aliyokuja nayo.

HABARI YA WATOTO

Hofu hii mara nyingi hupandwa nyumbani. Mama akimwambia mtoto mtukutu, "Nitakupeleka kwa daktari akung'oe meno," amekwisha kumharibia safari ambayo mtoto hajaianza. Baba akimdanganya kwamba hapana kitu kitakachofanywa, kisha mtoto akachomwa sindano, hataamini tena baba wala daktari. Heri kumwambia kweli kwa maneno machache: kutakuwa na kuchomwa kidogo, kisha mahali patalala usingizi. Na heri zaidi apelekwe mara ya kwanza siku ambayo hapana kinachouma, akione kiti, aone taa, ahesabiwe meno, arudi nyumbani salama. Mtoto wa namna hiyo hatahitaji miaka 40 ya kukisahau chumba kile.

Wazee wa pwani walisema kwamba kwa mwoga huenda kicheko, na kwa shujaa huenda kilio. Methali hiyo ni kweli vitani, ambako mtu akikimbia humwacha adui nyuma. Lakini mwenye jino bovu akikimbia hukimbia naye kinywani, akalala naye, akaamka naye. Hapo hapana faida ya kukimbia, wala hapana sifa ya kujifanya jiwe. Aliye na jino linaloshtuka asubuhi hii na ampange mtu wa kumsindikiza, achague siku katika juma lijalo, na afikapo kwa daktari aanze kwa kusema kweli kwamba anaogopa.